Hoteli za njiani: mtu akikuuliza kama mboga ina karanga na hujui, SEMA HUJUI

Wakuu, salamu tutapeana baadaye, leo nimekasirika. Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la mapishi, hakuna pishi humu.

Mimi nina aleji ya karanga. Siyo kwamba sizipendi. Nikizila midomo inawasha, ngozi inatoka mabaka, na zikizidi koo linajaa, pumzi inaanza kupita kwa kuvizia. Daktari aliniambia tangu niko sekondari kwamba hata kijiko kilichopita kwenye karanga kinatosha, na kuzichemsha au kuzikaanga hakuziondolei ubaya. Korosho nakula vizuri tu, kabla hamjauliza. Karanga ni ndugu wa kunde na maharage, na korosho hata ukoo hawajuani.

Jumatano nilitoka Dar kwenda Singida, msibani ukweni. Treni nilikosa nafasi, na hata hivyo inaishia Dodoma, kwa hiyo msianze na SGR. Saa kumi na mbili asubuhi basi likatoka Mbezi, hatujapita Kibaha wakagawa maji, soda na kipakiti cha karanga. Nikarudisha kipakiti. Jirani yangu akakidaka juu kwa juu: "Lete huku kaka, wewe unachezea dawa!" Gari zima likacheka. Wanaume wenye aleji hii tunalijua hilo. Mjini karanga mbichi zinatembezwa kwenye beseni moja na muhogo na nazi, na kila mtu anajua zinauzwa kwa kazi gani. Ukizikataa hadharani umejitangaza. Nimezoea, siyo kilichonileta hapa.

Kati ya Morogoro na Dodoma basi likakata kona. Konda akapaza sauti: "Chakula dakika ishirini, kuchimba dawa humo humo!" Dakika ishirini, watu zaidi ya hamsini, hoteli moja, pori kushoto, pori kulia. Dereva na konda wana meza yao kule nyuma, wameshawekewa kuku na hakuna aliyewadai hata mia. Sisi ndio tunaowalipia ile meza, basi tu.

Kwenye kaunta masufuria sita. Mchicha ulikuwa wa karanga, huo hata sikuuliza, weupe wake unauona tangu mlangoni. Nikauliza maharage.

"Dada, haya maharage yana karanga?"

"Hayana kaka."

"Una uhakika? Nikila karanga naumwa sana."

"Hayana bwana, sogea wenzio wanasubiri."

Hakugeuka nyuma. Mpishi yuko hatua nne kutoka pale, anapuliza moto, ukimwita kwa sauti ya kawaida anasikia. Hakuitwa. Nikasogea, nikalipa, nikakaa na wali maharage wangu.

Kijiko cha tatu mdomo ukaanza kuwasha. Nikainua kichwa, nikaangalia kaunta, na ndipo nikauona upawa. Upawa mmoja. Unazama kwenye mchicha, unamiminwa kwenye sahani ya mzee mmoja, unagongwa mara mbili ukingoni mwa sufuria, ta ta, halafu huo huo unazama kwenye maharage. Jani la mchicha limeng'ang'ania shingoni, na ule uji wa karanga unachuruzika taratibu kuingia ndani. Ta ta, mteja mwingine. Ta ta, mwingine.

Kwa hiyo dada wa watu pengine hakudanganya. Maharage yalipikwa bila karanga. Karanga zilikuwa zinaongezwa kila mteja anapohudumiwa.

Nikameza kidonge cha aleji ninachotembea nacho. Kile kinatuliza muwasho, koo likishaanza kuvimba hakina ubavu. Honi ikapigwa, nikapanda, na huo ukawa ujinga wangu mimi mwenyewe, ilibidi nibaki pale pale niseme naumwa. Hatujaenda mbali nikawa natapika kwenye mfuko na sauti imekauka. Namwambia konda nishushwe kwenye hospitali yoyote. Ananijibu: "Vumilia kaka, Dodoma siyo mbali. Gari liko kwenye mfumo, tunaonekana LATRA."

Huo mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unaangalia mwendo kasi! Tangu lini umemkataza dereva kusimama mtu asife?

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa siti ya nyuma yangu, nesi mstaafu. Alinitazama shingo mara moja, akasimama katikati ya gari: "Simamisha! Mtoto wa watu anaishiwa pumzi humu!" Abiria wakaitikia, basi likasimama. Kituo cha afya walinichoma adrenalini pajani, na baada ya dakika chache nikawa nasikia hewa inaingia mpaka chini. Wakanizuia masaa kadhaa kwa sababu hali huweza kurudi. Basi halikungoja. Begi langu nililikuta limeshushwa barabarani, kijana wa bodaboda amelikalia ili lisiibiwe, Mungu amzidishie. Nauli mpaka Singida nililipa upya. Nilifika saa tano usiku, nashukuru mazishi yalikuwa kesho yake.

Sasa sikilizeni. Sidai makubwa. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 hoteli inabanwa kisheria kumwambia mteja kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga zimo, maziwa, mayai, ufuta, ngano, vyote vimo. Safi, hongera zao. Mimi hapa siombi menyu yenye namba. Biskuti ina pakiti, nitaisoma hata kama herufi ni za mchwa. Hotelini lebo yangu ni mdomo wa mhudumu, sina nyingine. Akisema "sijui, ngoja niulize", ameniokoa. Hata akisema "sijui" halafu akaendelea na kazi zake, bado ameniokoa, nitaenda kununua mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha. Ni lile "hayana" la haraka ndilo linaloua.

Na njia ile mtu wa aina yangu anakula vizuri tu akipewa nafasi. Nyama choma ya chumvi na ndimu, ndizi za kuchoma, kachumbari ukiiona inakatwa mbele yako, machungwa. Ukishaingia Dodoma na Singida mlenda ndio wa kuuliza mara mbili, maana karanga humo ni jambo la kawaida. Lakini haya yote yanataka muda wa kuzunguka na kuuliza, wakati konda ameshaanza kupiga honi.

NYONGEZA baada ya kusoma comments:

Uliyesema ningekula chipsi mayai: mkuu, niliwahi kula mahali, baadaye nikaona karai lile lile linatoa karanga za mayai. Kwa hiyo hapana.

Uliyesema "maringo ya mjini, babu zetu hawakuwa na aleji": babu zetu waliokula wakavimba wakafa, tuliambiwa wamelishwa sumu na jirani, na pengine jirani akahamishwa kijiji. Usiwasemee.

Anayemtetea mhudumu kwamba analipwa kidogo na anasimama tangu alfajiri, nakubaliana naye. Hasira yangu ni kwa mwenye hoteli. Upawa wa pili bei yake haifiki sahani mbili za wali kuku. Mabasi yanapaki pale mchana kutwa na ameshindwa kununua upawa?

Wanaouliza kwa nini sitembei na sindano ya kujichoma mwenyewe: nimezunguka famasi nne Dar, nikaambiwa hawana. Anayejua inapopatikana aje PM haraka.

Narudi Dar Jumapili. Shemeji ameahidi kunifungia hotpoti, ugali na kuku wa kienyeji, na upawa nimemwomba auoshe nikiwa nimesimama pale. Leo nimekata tiketi, wakala ananiambia vyakula vyenye harufu haviruhusiwi ndani ya gari, nitakula hotelini na wenzangu. Hoteli ni ile ile. Nimemuuliza kama anawafahamu pale, akasema ndiyo, chakula chao safi kabisa, hakina tatizo lolote.