Naomba ushauri: milango na boneti ya modeli yangu ya Datsun 240Z havikai sawa baada ya kupakwa rangi

Kijana_wa_Kisauni (mleta mada):
Habari zenu wanajukwaa. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikiunganisha modeli kubwa ya gari, Datsun 240Z ya mashindano ya magari ya Safari, skeli 1:8 (yaani kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa nane), bodi ya plastiki, milango na boneti vinafunguka. Kabla ya rangi sikuwa na malalamiko yoyote. Sasa mlango wa kulia umetokeza nje kwa chini, upande wa nyuma, kwa karibu milimita moja. Wa kushoto unagota kabla haujafunga. Na boneti imesimama upande wa kioo cha mbele kiasi kwamba njiti ya kiberiti inapita chini yake bila kugusa. Juu ya hayo, rangi nyekundu imefanya vinundu kama ganda la chungwa, na paa lina ukungu mweupe. Swali langu ni moja tu: je, nipige tupa kingo za milango, au nibadilishe bawaba? Naomba nijibiwe hilo, kwa sababu kazi inatakiwa ikamilike mwisho wa mwezi.

Kijiti:
Mkuu, shangazi yangu alikuwa na Datsun halisi na mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani kuanzia nilipoanza darasa la kwanza hadi nilipomaliza la saba. Kwa maelezo haya, modeli yako imefuata uhalisia kuliko zote.

Fundi_Bodi_GM:
Mimi ninanyoosha bodi za magari makubwa hapa Gongo la Mboto, na kwetu mlango haupigwi tupa hata siku moja. Fundi aliyenifundisha alitutaka tuanzie nyuma kwenda mbele: ubavu wa nyuma ndio usiosogea, kwa hiyo mlango unalinganishwa na ubavu, fenda inalinganishwa na mlango, na boneti inakuja mwisho kabisa. Ukianza na boneti, utahangaika mchana kutwa. Niliwahi kupokea gari lililogongwa ubavuni, mwenyewe akasisitiza kwamba tatizo ni kitasa. Tulibadilisha vitasa viwili kabla hajakubali kwamba nguzo ya katikati ilikuwa imeingia ndani. Alilipia vitasa vyote viwili, tena kwa uchungu mkubwa.

Dada_wa_Msasa:
Mleta mada, kabla sijagusa habari ya tupa nina maswali manne, na nakuomba usiruke hata moja. Uliwahi kuweka milango na boneti mahali pake bila gundi, kwa majaribio, kabla ya rangi? Rangi ni ya aina gani, na umepiga mikono mingapi? Uliikausha vipi? Na boneti inakaaje chumba cha injini kikiwa kitupu? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu boneti ya 240Z ina bawaba zake mbele, karibu na taa, kwa hiyo kitu kinachoisukuma milimita moja tu karibu na bawaba kinaweza kuinua ukingo wa nyuma milimita tatu au nne.

Kijana_wa_Kisauni:
Nashukuru, Dada. Rangi ni ya kawaida ya magari na nimepiga mikono ya kutosha. Ilikauka vizuri. Boneti tuiache kwanza, maana linalonisumbua zaidi ni milango.

Mwanaidi_T:
Nimesoma uzi huu kwa mshangao. Miezi minne ya kijana mzima inaishia kwenye gari lisilobeba hata gunia la mkaa. Sisemi kwa ubaya, mwanangu, lakini kama una mikono mizuri kiasi hicho, mbona usiunde makabati? Watu wanatafuta mafundi wa makabati hadi wanachoka.

Mzee_wa_Safari:
Mama, mwache kijana. Umenikumbusha mambo makubwa, mwanangu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kulingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Mimi nilikuwa mtoto, tumekaa juu ya ukuta kandokando ya barabara, na tulilisikia gari kwa muda mrefu kabla ya kuliona. Lilikuwa jekundu, na boneti yake nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Je, wewe umeipaka boneti rangi nyeusi? Maana rangi isiyong'aa haionyeshi hilo ganda la chungwa kwa urahisi. Tena gari la Safari hurudi likiwa na tope hadi kwenye madirisha. Lipake tope na hakuna atakayeona mlango.

Dada_wa_Msasa:
Shikamoo Mzee. Tope litaficha rangi, lakini halitafunga mlango. Mleta mada, "mikono ya kutosha" si idadi, na "ilikauka vizuri" si jibu. Hebu tupige hesabu pamoja. Nafasi kati ya mlango na bodi ya gari halisi tuchukulie kuwa milimita 5. Katika skeli 1:8 nafasi hiyo ni takriban milimita 0.6. Praima (rangi ya msingi inayotangulia), rangi na vanishi, vikipigwa vyembamba, huongeza karibu milimita 0.1 kwenye kila ukingo, na kingo ziko mbili, wa mlango na wa bodi. Hapo ungebakiwa na 0.4, na mlango ungefunga bila shida. Kwa hiyo ama umepiga rangi nyingi kupita kiasi, ama plastiki imepinda, ama kuna jambo ambalo hujatuambia.

Kijana_wa_Kisauni:
Sawa, naeleza. Rangi ilipigwa na rafiki yangu kwenye gereji, ya gari, kwa thina ya gereji, bila praima, kwa sababu alisema praima ni ya mabati. Mkono wa kwanza ulikula plastiki kidogo, ikafanya mikunjo midogo midogo, tukapiga msasa na kurudia. Kwa jumla ni mikono tisa. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha Mombasa nzima, kwa hiyo niliiweka bodi ndani ya boksi la televisheni na balbu mbili za wati 100 kwa usiku mmoja, ikiwa imelala juu ya makopo mawili, moja mbele na moja nyuma. Najua mtasema balbu ndiyo kosa, lakini haikugusa bodi hata kidogo, na nilisoma kwamba mafundi wakubwa hukausha kwa taa. Hata hivyo nimeshanunua tupa, na ukingo wa mlango wa kushoto nimeshaanza kuupunguza, kidogo tu.

Dada_wa_Msasa:
Weka tupa mbali, tafadhali. Balbu haihitaji kugusa kitu. Plastiki hii, polistirini, hulainika kabisa ikikaribia nyuzi joto 100, lakini huanza kuinama chini ya kiwango hicho ikiwa inabeba uzito, na bodi iliyolala juu ya makopo mawili inajibeba yenyewe katikati, pale pale ilipo milango. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha: weka bodi juu ya kipande cha kioo cha dirisha, washa tochi upande wa pili, uangalie mwanga unapita wapi chini ya kizingiti, ule ukingo wa bodi ulio chini ya mlango. Kioo hakidanganyi kama meza.

Ukungu ulioko kwenye paa una sababu yake. Thina ikikauka haraka kwenye hewa yenye unyevu, inapoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa unanasa ndani yake. Kwa hali ya hewa ya pwani ungesubiri saa sita mchana siku ya jua, au ungetumia thina inayokauka polepole. Vinundu navyo, mara nyingi, ni rangi nzito iliyopigwa kwa mbali, ikaanza kukauka ikiwa bado hewani. Hivyo vinatoka kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kwa maji yenye sabuni kidogo, halafu unamalizia kwa rabingi, ile dawa ya kung'arishia rangi. Kingo zibandike utepe kabla hujaanza kusugua, maana hapo rangi huwa nyembamba na utaitoboa kabla hujajua.

Kijana_wa_Kisauni:
Nimefanya hivyo. Nilipata kioo cha sentimita 40, bodi ina urefu wa sentimita 34 na nusu, ikaenea vizuri. Upande wa kulia katikati pamegusa kioo na mwanga unapita kwenye ncha zote mbili, kiasi cha unene wa kadi ya simu. Kushoto haupiti. Lakini mlango wa kushoto ndio usiofunga kabisa, kwa hiyo bado naona tupa ina nafasi yake.

Mwalimu_wa_Hesabu:
Samahanini kwa kuingilia. Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo na sasa nina shaka kama hiyo modeli ipo. Datsun 240Z halisi ina urefu wa takriban milimita 4,140. Ukigawanya kwa 8 unapata karibu 517, yaani sentimita 51 na kitu. Bodi ya mleta mada ina sentimita 34 na nusu. Chukua 4,140, gawanya kwa 345, jibu ni 12 kamili. Mtu aliyeishi na kitu kwa miezi minne hawezi kukosea sentimita 17. Tena hakuna picha hata moja. Naona tumetungiwa hadithi, na Dada wa watu anapoteza muda wake.

Kijiti:
Na balbu za wati 100 amezipata duka gani zama hizi? Mimi nazitafuta kwa ajili ya vifaranga.

Fundi_Bodi_GM:
Mimi naamini kwamba gari lipo. Habari ya mikono tisa bila praima haiwezi kutungwa na mtu ambaye hajawahi kuiona. Ina harufu ya gereji kabisa. Lakini skeli amedanganya, hilo halina ubishi.

Kijana_wa_Kisauni:
Ndugu zangu, modeli ipo, na ni ya 1:12. Niliandika 1:8 kwa sababu ndivyo nilivyokubaliana na aliyeniagiza, ambaye amestaafu na anataka kuiweka sebuleni, na ameshanilipa nusu. Seti ya 1:8 sikuipata kwa bei ile. Yeye hajui skeli, alisema tu anataka "ile kubwa," na hii kwa kweli si ndogo. Nilihofia kwamba anaweza kupita humu akasoma. Kuhusu balbu, ni za marehemu babu, alikuwa akizitunza kabatini.

Na kwa kuwa nimeshafika hapa: rejeta iliyokuja na seti ilipotea, nikaweka rejeta ya modeli nyingine niliyokuwa nayo, ya 1:8. Niliona itaonekana vizuri boneti ikifunguliwa.

Dada_wa_Msasa:
Basi nilikuwa nakushauri kuhusu gari jingine. Milimita 5 ukigawanya kwa 12 ni takriban 0.4, si 0.6. Kwa mikono tisa nakadiria una karibu 0.2 kwenye kila ukingo. Mlango wako wa kushoto hauna nafasi yoyote iliyobaki. Rangi yenyewe imeijaza. Kule kwenye 1:8 ungefunga, ndiyo maana hesabu yangu ilikataa.

Kwa hiyo milango yako ina magonjwa mawili tofauti. Wa kushoto unatakiwa uondolewe rangi kwenye ukingo, kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti bapa, hadi plastiki ianze kuonekana, na usiguse plastiki zaidi ya ulivyokwisha kuigusa. Wa kulia mlango ni mzima, tundu lake ndilo lililopinda. Na boneti unaijua mwenyewe.

Mzee_wa_Safari:
Rejeta ya 1:8 ndani ya 1:12! Ni sawa na kumvisha mtoto wa darasa la pili viatu vya mwalimu. Lakini niambie, namba ya ubavuni utaandika ipi, ya 1971 au ya 1973?

Mwanaidi_T:
Mimi nasubiri kusikia utamwambia nini huyo mstaafu. Ana rula nyumbani kwake kama watu wote.

Kijana_wa_Kisauni:
Mama, hata gari lenyewe halisi si refu kama watu wanavyodhani, na nitampunguzia kidogo kwenye nusu iliyobaki. Hilo niachieni. Dada, naweza kunyoosha upande wa kulia bila kutoa rangi yote?

Dada_wa_Msasa:
Unaweza kujaribu, ila rangi inaweza kupasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo jiandae kupaka upya upande huo. Tumia maji ya moto yasiyochemka, kama nyuzi 70, na anza na kipande cha plastiki cha seti ambacho hukitumii, uone kinalainika baada ya muda gani. Kisha zamisha kizingiti peke yake, kisukume polepole kupita kidogo pale unapotaka kifike, ukishikilie hadi kipoe ndani ya maji baridi. Kitarudi nyuma kidogo, ndiyo maana unakipitisha. Fanya mara tatu ndogo kuliko mara moja kubwa. Paa usiliguse.

Kijana_wa_Kisauni:
Nimetoa rejeta usiku huu. Boneti imeshuka, na imebaki kona moja ya nyuma, kushoto, iliyoinuka kidogo, lakini njiti ya kiberiti haipiti tena. Mlango wa kushoto nimeusugua hadi plastiki ikaonekana kama uzi mweupe kwenye ukingo, na unafunga ukiusindikiza kwa kidole. Kulia nimezamisha mara moja. Rangi imepasuka mstari mmoja wa kama sentimita mbili juu ya kizingiti, na kwenye kioo mwanga bado unapita, ila kwa sasa karatasi ya daftari inaingia na kadi haiingii. Kesho nitarudia mara ya pili, mvua ikinipa nafasi.

Mzee_wa_Safari:
Huo mpasuko uko juu ya kizingiti, mwanangu, ambapo tope ndipo linapokaa. Na namba hujaniambia.