Tupeane uzoefu: Kusakinisha programu kwenye Linux kwa mara ya kwanza

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba kila aliyehama kutoka Windows kwenda Linux aeleze programu ya kwanza aliyoipakua ilimsumbua vipi, na alivukaje. Naanza na yangu. Nilinunua laptopu ya mtumba ambayo fundi alikuwa ameshaiwekea Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Nilihitaji VLC, programu ya kuchezea video, nikafanya kama nilivyozoea: nikapakua faili linaloishia na .exe na kulibofya mara mbili, lakini halikufunguka. Nikadhani limeharibika wakati wa kupakua, nikalipakua upya hadi bando likaisha. Kumbe faili la .exe hutengenezwa kwa ajili ya Windows, na VLC ilikuwamo muda wote katika hazina ya programu za Ubuntu iliyoko mtandaoni, ikihitaji amri moja tu kwenye dirisha la kuandikia amri (terminal): sudo apt install vlc. Hata hapo nilikwama, kwa kuwa amri hiyo iliniomba nywila, na nilipoiandika haikuonekana herufi wala nyota, nikaamini kibodi ina hitilafu. Kwenye Ubuntu yangu nywila huingia bila kuonekana. Iandike yote, kisha bonyeza Enter.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilijua kwamba faili la Ubuntu huishia na .deb, lakini nililisakinisha kwa amri ya dpkg -i nikaambiwa kuna programu tegemezi zinazokosekana, yaani zile ambazo programu yangu inazihitaji ili ifanye kazi. Nilihangaika siku nzima kuzitafuta moja moja, na kila niliyoipata ilidai nyingine. Baadaye nilielewa kwamba dpkg hufungua kile ulichompa tu, ilhali apt huenda mwenyewe kwenye hazina kuleta tegemezi zote. Siku hizi naingia kwenye folda lilimo faili na kuandika sudo apt install ./ nikifuatisha jina la faili bila nafasi. Tafadhali msiache alama hiyo ya nukta na mkwaju, kwa sababu bila hiyo apt hulitafuta jina hilo kwenye hazina badala ya kwenye folda lako.

Mchangiaji wa tatu
Nashukuru kwa mada hii, kwani mazingira yangu ni magumu zaidi: mimi ni mwalimu wa hisabati, na maabara yetu ya kompyuta haina intaneti. Nilitaka kuwawekea wanafunzi GeoGebra, programu ya kujifunzia hisabati. Nikapakua nyumbani kwa sudo apt-get install --download-only geogebra, nikanakili mafaili kutoka /var/cache/apt/archives hadi kwenye flashi, nikaenda shuleni nikiwa na uhakika kabisa. Kompyuta zote zilikataa, zikidai Java, programu tegemezi ya GeoGebra. Laptopu yangu ilikuwa na Java tangu zamani, kwa hiyo apt haikuona sababu ya kuipakua tena, na mimi sikuibeba. Wanafunzi walikuwa wamekaa wakinisubiri, na kipindi kikapita bila somo. Jambo hilo liliniuma sana. Wiki iliyofuata nilisakinisha Ubuntu upya kwenye kompyuta moja ya ziada, toleo lilelile la maabara na bila kuongeza programu yoyote, nikapakulia humo. Safari hii tegemezi zote zilikuja. Shuleni niliyaweka mafaili yote katika folda moja na kuandika sudo dpkg -i *.deb, na kompyuta ya kwanza ikakubali, kisha zote zilizobaki. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba ni salama zaidi kutumia apt-get kwa kazi hii, kwa sababu amri fupi ya apt kwa kawaida hufuta mafaili iliyoyapakua mara inapomaliza kusakinisha.

Mchangiaji wa nne
Langu ni fupi. Nilipakua faili la amd64, yaani la kompyuta zenye prosesa za Intel au AMD, kwa ajili ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo prosesa yake ni ya aina nyingine, ARM, na likakataliwa. Kabla ya kupakua chochote, andika dpkg --print-architecture usome jibu, ujue faili la aina gani linaifaa kompyuta yako.

Mwanzisha mada
Mwalimu, ahsante sana. Kuna shule jirani nasi yenye shida hiyohiyo, na Jumamosi nitakwenda huko na flashi iliyoandaliwa kwa njia yako.