Kikundi cha Ukoo: Mbwa wa Bustanini

*Jumamosi, saa 10 jioni*

Asha (Uingereza): Assalaam alaykum jamaa zangu. Mama yuko salama, msishtuke na ile sauti aliyotuma. Hakung'atwa.

Nasra: Waalaykum salaam Shangazi. Ile sauti ni ndefu kama hotuba ya Ijumaa. Nimeshika "mbwa" na "astaghfirullah" tu. Bibi kafanywa nini?

Asha (Uingereza): Tulikwenda bustanini na watoto. Mama kakaa kwenye benchi karibu na mabembea. Mbwa mkubwa wa rangi ya manjano katoka huko mbio, kamrukia, miguu miwili ya mbele mapajani. Tope mpaka kwenye mtandio. Mwenyewe yuko mbali anacheka, ati "ana urafiki tu huyo".

Mama: Urafiki nilimwomba nani

Nasra: 😂😂😂

Mjomba Hamadi (Mombasa): Pole sana Dada. Nguo ilirowa? Kikavu kwa kikavu hakina neno. Lakini kama kuna mate na unyevu, kwetu sisi Washafii ni kuosha mara saba, moja yake kwa udongo.

Mama: Nishafua Hamadi. Asha hana udongo nyumbani mwake, kila kitu saruji. Nimechota kwenye chungu cha maua

Asha (Uingereza): Ndiyo sababu waridi langu limelala chali dirishani.

Idrisa (Tanga): Mama, alikukwaruza? Ngozi ilichubuka popote?

Mama: Hapana mwanangu. Na baridi hii nimevaa nguo kama kabichi, kucha ingepita wapi

Idrisa (Tanga): Alhamdulillahi. Ingekuwa hapa kwetu ningekwambia kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Huko kichaa cha mbwa walishakimaliza tangu 1922, wamebaki na wasiwasi wa virusi vya popo tu.

Nasra: Baba na kichaa cha mbwa! Hata kwenye harusi yangu atasimama atoe semina.

Idrisa (Tanga): Nitatoa. Na kwenye kadi nitaandika kila mwalikwa aje na mbwa wake achanjwe.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Sasa Asha mwanangu, huko hakuna kanjo? Mtu aachie mbwa amrukie mama wa watu halafu acheke, aende zake?

Asha (Uingereza): Wapo Mjomba. Nimepiga picha ubao wa getini, ngoja.

Asha (Uingereza): 📷 *Picha*

Mjomba Hamadi (Mombasa): Maandishi madogo kama ya dawa. Tusomee.

Asha (Uingereza): Kila halmashauri huku inatoa amri yake ya maeneo ya umma, chini ya sheria ya 2014. Ndiyo maana ukivuka barabara ukaingia halmashauri nyingine unakuta masharti mengine. Ya hapa kwetu inasema hivi: mbwa akijisaidia uokote. Makaburini afungwe kamba. Asiingie sehemu ya kuchezea watoto "iliyozungushiwa uzio". Kwingine kote anaweza kuachiwa, ila afisa wa halmashauri akikuagiza umfunge, umfunge. Ukikaidi ni faini ya pauni 100 papo hapo. Usipolipa ukafikishwa mahakamani inaweza kufika 1,000.

Mama: Basi huyo bwana atozwe mia yake

Asha (Uingereza): Hapo ndipo nilipokwama Mama. Nimeusoma ubao ule nikaurudia. Mabembea yetu hayana uzio.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Kwa hiyo?

Asha (Uingereza): Kwa hiyo mbwa kufika pale benchi hakuvunja amri. Na kamba ni mpaka afisa aagize. Afisa mwenyewe tangu nihamie mtaa huu sijamtia machoni.

Idrisa (Tanga): Yaani ubao umepakwa rangi nzuri, ila mahali penyewe watoto wanapocheza haugusi.

Asha (Uingereza): Ndiyo hivyo Kaka. Ipo sheria nyingine ya 1991, hiyo ni ya nchi nzima: mbwa akimtia mtu hofu ya kweli kwamba atamdhuru, mwenyewe ana kesi hata kama hakung'ata. Akijeruhi, mtu anaweza kwenda jela mpaka miaka 5. Lakini kwa tope la nguo nani aende polisi?

Mama: Mimi polisi siendi. Nimekuja kuona wajukuu

Nasra: Na ile jamii kubwa kubwa zenye vifua si walizipiga marufuku?

Asha (Uingereza): XL Bully. Tangu 1 Februari 2024 huwezi kumfuga bila cheti, na nje lazima kamba na kifunga mdomo. Huyu wa leo hakuwa wa aina hiyo, huyu ni Labrador, lile jibwa la kwenye matangazo ya huku ya karatasi za chooni.

Asha (Uingereza): Lakini nimewaandikia kwa jambo jingine. Amri hizi hazivuki miaka 3 bila halmashauri kuuliza watu tena, na yetu inakwisha. Wametoa fomu ya maoni mtandaoni, inafungwa Ijumaa. Wanapendekeza mbwa afungwe kamba bustani nzima, na mtu mmoja asitembee na mbwa zaidi ya 4. Kwenye kikundi cha akina mama wa hapa Waswahili tuko wengi, kila siku tunalalamikia mbwa, na fomu hakuna aliyeijaza. Wenye mbwa wote washajaza. Nitakaa na Mama usiku huu tuandike.

Farid (London): Wanne???

Nasra: Eeeh! Ba mdogo kafufuka. Tiki za bluu toka saa kumi, kimya.

Farid (London): Niko kazini

Mama: Kazi gani Jumamosi jioni Farid

Farid (London): Kazi tu Mama mkubwa

Nasra: Ba mdogo, ile stetasi yako ya Jumatano, mkono mmoja umeshika kamba tano...

Farid (London): Nasra wewe

Mjomba Hamadi (Mombasa): Kamba tano za nini?

Asha (Uingereza): Farid.

Farid (London): Sawa. Natembeza mbwa. Wenyewe wako maofisini, mimi nawachukua majumbani, nawapeleka bustanini saa moja, nawarudisha. Nina bima, nina gari lenye vizimba, kila kitu halali.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Na digrii ya uhasibu?

Farid (London): Inanisaidia Mjomba. Mbwa mmoja pauni 15 kwa saa. Natoka na 6.

Mama: Tisini? Kwa saa?

Farid (London): Ndiyo Mama mkubwa

Mama: Hamadi usimseme mtoto

Nasra: 💀💀💀 Natafuta pasipoti

Mjomba Hamadi (Mombasa): Simsemi. Nauliza tu. Unaswalije?

Farid (London): Nguo za kazi ni za kazi. Nikirudi naoga, navaa nyingine. Na Mjomba, kwa madhehebu ya Imamu Malik mbwa si najisi.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Umehamia kwa Wamaliki wa Morocco lini?

Idrisa (Tanga): 😂 Mjomba, muachie. Mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa kulinda mashamba wana ruhusa kwa wote. Na yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, si wewe uliyetufundisha tulipokuwa wadogo?

Mjomba Hamadi (Mombasa): Nilifundisha. Sikusema mumtembeze kwa saa. Lakini nitakubali jambo moja: mwaka 2008 msikiti wa Leicester ulimruhusu mbwa anayemwongoza kijana asiyeona afike naye mpaka sehemu ya kuvulia viatu. Wanazuoni walikaa wakaona haja ya mtu. Haja ninaielewa. Hii ya Farid nitaiulizia.

Asha (Uingereza): Na hata kwenye amri hizi mbwa wa vipofu huwa wanasamehewa masharti. Farid, turudi kwenye fomu. Wewe umo upande wa pili, niambie ukweli.

Farid (London): Dada, yule mtu wa leo ni mjinga na sisi tunaolipwa tunamchukia kuliko nyinyi. Mbwa asiyerudi akiitwa hafunguliwi, kwisha. Mimi mbwa wa watu sifungui mpaka nimjue. Lakini kamba bustani nzima hapana. Mbwa asipokimbia anakuwa na wazimu nyumbani, anatafuna makochi, anabweka usiku, mtakuja kulalamika tena. Na hao 6 kuwa 4 ni mimi kupoteza theluthi ya riziki. Halmashauri nyingine zimeweka 4, nyingine 6.

Asha (Uingereza): Mtu mmoja na mbwa 6, wawili wakijisaidia kwa pamoja pembe mbili tofauti, unaona wote?

Farid (London): Naona. Hiyo ndiyo kazi. Mfuko huu, mfuko huu. Wanaoniudhi ni wale wanaookota, wanafunga vizuri kwenye mfuko, halafu wanautundika kwenye tawi la mti wanaondoka. Umeokota kwa ajili ya nani sasa? Pipa lolote la taka la halmashauri linapokea!

Nasra: Wanatundika kwenye mti?? Kama mapambo?

Farid (London): Wallahi. Majani yakipukutika unaiona yote imening'inia.

Idrisa (Tanga): Hapo hata mkisema nisiseme, nasema. Kinyesi cha mbwa si uchafu wa macho tu. Kuna minyoo, mayai yake hayaambukizi siku ileile, yanahitaji wiki kadhaa kukomaa udongoni. Kinyesi chenyewe kimeshayeyuka hukioni, mtoto anachezea mchanga, anatia kidole mdomoni. Mnyoo ukifika jichoni unaweza kumharibia uoni. Asha, hilo liandike kwenye fomu, ndiyo sababu ya kweli ya kuwatenga mbwa na mabembea. Hili la nguo ya Mama wataona ni mambo ya dini yenu.

Asha (Uingereza): Hiyo nzuri Kaka. Naiandika.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Na Tanga kwenu, Idi? Mnawatoza faini?

Idrisa (Tanga): Mjomba, faini umtoze nani? Mbwa wetu wengi wanaozurura wana wenyewe. Ana nyumba, ana jina, watoto wanamjua. Asubuhi geti linafunguliwa anakwenda kujitafutia jalalani, jioni anarudi kulinda. Ukimshika mwenyewe anakwambia "si wangu huyo". Akiuawa analia ni wake. Mimi nikipita na kipaza sauti kutangaza chanjo sisemi neno faini, maana wakisikia faini wanawaficha. Nikipata 7 kwa kila 10 wakachanjwa, ugonjwa hauna pa kupita. Zamani watu walikuwa wanapiga risasi tu, na kichaa kikabaki palepale, kwa sababu nafasi ya aliyekufa inajazwa na mbwa mgeni ambaye hajachanjwa.

Farid (London): Huku "si wangu" haisaidii. Tangu 2016 kila mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi, wanapitisha mashine wanakuta jina lako. Na shingoni akiwa nje lazima kibati chenye jina na anwani. Akipotea halmashauri inamshikilia siku 7, ukimfuata unalipa.

Nasra: Mbwa ana anwani, mimi nadaiwa kodi Sinza

Idrisa (Tanga): Nasra.

Nasra: Natania Baba. Nusu.

Asha (Uingereza): Haya nimeshafungua fomu. Swali la kwanza: je, unafuga mbwa? Hapana. Unatumia bustani mara ngapi? Mama, nimesema kila siku. Unaunga mkono kamba bustani nzima?

Mama: 🎤 *Ujumbe wa sauti*

Nasra: Nawaandikia ambao hawana bando. Bibi anasema: kamba bustani nzima hataki, maana mbwa naye ameumbwa akimbie, na ile bustani ni kubwa, kuna upande wa mtoni hakuna mtu. Anachotaka ni uzio kwenye mabembea, na benchi liwe NDANI ya uzio, si nje, kwa sababu anayetazama watoto ni mzee na mzee ndiye hawezi kukimbia. Na geti la kujifunga lenyewe kwa sababu watoto hawafungi milango. Halafu kuna kipande kirefu kuhusu bei ya ndizi, nimekiruka.

Farid (London): Mama mkubwa uhai mrefu!

Asha (Uingereza): Sikuwaza benchi kabisa. Ubao unataja uzio, na uzio hawajajenga, kwa hiyo sharti lile kwetu ni bure. Naandika: uzio kwanza, kamba karibu na mabembea na njia kuu, wengine wakimbie kwa mtoni.

Farid (London): Na namba?

Asha (Uingereza): Wanne.

Farid (London): Dada!

Asha (Uingereza): Mikono yako miwili Farid. Watatu watatu kila mkono ukivutwa unasimama vipi?

Farid (London): Kamba nafunga kiunoni. Andika 6 kwa wenye leseni na bima, 4 kwa wengine. Halmashauri nyingine zina utaratibu huo.

Asha (Uingereza): Nitaandika kuwa ndugu yangu ana maoni hayo. Yangu ni wanne. Wewe si mkazi wa hapa lakini fomu haikatazi, ijaze mwenyewe.

Farid (London): Naijaza sasa hivi, nitumie kiungo. Na kundi letu la watembezaji nalitumia pia.

Mjomba Hamadi (Mombasa): Asha, umempa adui silaha.

Asha (Uingereza): Ndiyo maana nataka akina mama wote wa hapa wajaze kabla ya Ijumaa. Kesho baada ya darasa la Kurani la watoto nitakaa mlangoni na simu yangu, asiyejua Kiingereza nitamsomea.

Mama: Farid kesho kuna pilau. Uje mapema

Farid (London): InshaAllah Mama mkubwa. Ila Jumapili nina mmoja wa kulala, wenyewe wamesafiri. Mdogo tu, hana makelele, naweza kuja na

Mama: Hapana