Monita za masikioni za kupimwa: akriliki, silikoni au ganda gumu lenye ncha laini?

BesiYaKati
Wakuu, salaam. Napiga gitaa la besi na kuitikia sauti ya pili. Miaka mitatu nimetumia monita za dukani (vile vispika vya kuvaa sikioni ili ujisikie jukwaani) zenye vipira vya kubadilisha, nimejaribu vya silikoni na vya sponji, na kila mara ni yale yale: tukifika wimbo wa tatu jasho linaanza, monita ya kushoto inateleza, besi inakatika ghafla. Mkono unakimbilia kitufe cha sauti, naongeza. Nikishuka jukwaani masikio yanavuma mpaka naingia kulala.

Sasa nataka za kupimwa, zinazofuata umbo la sikio langu. Fundi amenipa njia tatu: ganda gumu la akriliki, silikoni tupu, au akriliki yenye ncha laini upande unaoingia ndani. Kila niliyemuuliza anasifia alichonacho. Mliowahi kutumia zaidi ya aina moja, naomba mnisaidie.

Soprano_wa_Pili
Kaka, umesema unaimba, kwa hiyo anza na taya. Chomeka ncha ya kidole kidogo sikioni, kisha fungua na ufunge mdomo polepole. Umesikia ukuta wa mbele unavyosogea? Theluthi ya nje ya mfereji wa sikio ni gegedu, na kichwa cha mfupa wa taya kimekaa mbele yake tu. Ukifungua mdomo kwa noti ya juu, mfereji unatanuka. Ganda gumu halitanuki nao. Inapatikana nafasi nyembamba kama karatasi, na kinachotoka kwanza kupitia hapo ni besi.

Nilikuwa na akriliki, ikanitesa hivyo hivyo: kwenye beti niko sawa, nikifika kiitikio gitaa la besi limeyeyuka. Nikahamia silikoni. Inajikunja na sikio na inarudi. Sirudi nyuma.

FundiMaganda
Nimetengeneza aina zote, niseme upande wa meza ya fundi, maana huko ndiko mtu hafikirii mpaka siku kitu kikiharibika.

Akriliki inatoka kwenye resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Tunaimimina ndani ya kalibu iliyo angavu, tunaiweka kwenye taa, na inaanza kuganda kutokea nje kwenda ndani. Ukiitoa kwa wakati wake unamwaga resini iliyobaki katikati, unabaki na ganda lenye uwazi. Ndani ya uwazi huo ndimo zinamokaa spika ndogo, mirija ya sauti na nyaya, kisha tunafunika na kibao cha nje. Spika ikifa mwaka wa pili, nafungua kibao, nabadilisha, nafunga. Sikio likibanwa sehemu moja, napiga msasa kidogo, nang'arisha, narudishia vanishi. Likilegea, naongeza tone la resini na kuligandisha. Saa moja kazi imekwisha.

Silikoni ni hadithi nyingine. Spika zimezikwa ndani ya silikoni iliyojaa. Kuzifikia ni kukata. Tena silikoni iliyokwisha kuganda haikubali gundi wala rangi, inashikana na silikoni mwenzake tu. Msasa nao hauipendi, inachanika badala ya kulainika. Kwa hiyo marekebisho mengi ya silikoni ni kutengeneza upya.

Resini ya kuchapwa kwa mashine ni jamaa wa karibu wa akriliki ya kumimina. Faida yake ni faili: umbo la sikio lako linabaki kwenye kompyuta, ukipoteza upande mmoja unachapwa mwingine bila kupimwa tena. Mtumiaji akishaivaa, tofauti ni ndogo sana.

DramuMkonoKushoto
Dada Soprano, nakuheshimu lakini hapo naona umeilaumu akriliki kwa kosa la kalibu. Kalibu yako, yaani ule mchanganyiko unaogandishwa sikioni kuchukua umbo lake, ilichukuliwa mdomo umefunga au umefungua?

Nauliza kwa sababu mimi nina akriliki mwaka wa sita na naimba nikipiga. Aliyenipima aliniwekea kipande cha kung'ata katikati ya meno, upana kama wa vidole viwili, nikakaa nacho mpaka mchanganyiko ukakauka sikioni. Kwa hiyo ganda lilitengenezwa kwa mfereji ulio wazi. Nikifunga mdomo linanibana kidogo sana, nikifungua linajaa barabara. Hakuna besi inayotoroka.

Jambo la pili ni urefu. Mfereji wa mtu mzima una kama sentimita 2.5 na una kona mbili. Kalibu ikiishia kabla ya kona ya pili, ncha ya monita inabaki kwenye gegedu linalocheza, na sauti yako mwenyewe inakurudia ndani ya kichwa kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ikipita kona ya pili, ncha inakaribia sehemu yenye mfupa, ambako hakuna kinachosogea.

Kwa kuzuia kelele, ndiyo, silikoni inaishinda akriliki kwa desibeli chache. Mtu asidharau hizo chache. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukipata kizuizi cha desibeli 3 zaidi na ukaitumia nafasi hiyo kushusha sauti, umelipa sikio lako muda mara mbili. Ukiacha kitufe pale pale, hujapata kitu.

Soprano_wa_Pili
Ulichouliza ni haki. Mdomo ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyenieleza. Nakubali kwamba sikuwahi kuipa akriliki nafasi yake kamili.

Lakini nibaki na moja: taya langu linafunguka sana, na noti ndefu za juu si sawa na kuitikia. Kwa mwimbaji mkuu bado nasema silikoni. Ila nimwambie BesiYaKati na shida zake asije akashangaa. Kuzivaa ni kazi. Silikoni inang'ang'ania ngozi kavu, huwezi kuisukuma tu. Unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono mmoja, unazungusha kwa mwingine, na napaka tone la jeli ya maji kwanza. Akriliki nilikuwa naichomeka kwa sekunde mbili hata gizani. Kama wewe ni wa kutoa sikio moja kati ya nyimbo ili umsikie mwenzako, utachoka.

NesiWaZamu
Niongeze la ngozi. Resini ya akriliki ambayo haikuganda vizuri inabaki na kemikali ambazo kwa baadhi ya watu zinaleta mzio: muwasho, wekundu, ngozi kutoa majimaji. Ni kundi lile lile la kemikali linalowasumbua wanaobandika kucha za bandia. Ganda lililoganda sawasawa na kupakwa vanishi huwa halina tabu, lakini kama umewahi kuwashwa na kucha hizo au na meno ya bandia, mwambie fundi mapema. Hapo silikoni ya kitabibu au titani ndiyo njia yako.

Usifute akriliki kwa spiriti. Inaacha nyufa nyembamba kama nywele, na mwisho ganda linakuwa na ukungu. Kitambaa kikavu kinatosha, na brashi ndogo ya kutoa nta kwenye matundu ya sauti, tundu likitazama chini ili nta isizame.

Na kabla ya kupimwa, masikio yachunguzwe ndani. Nta ikiwa imejaa, kalibu itatoka na umbo la nta. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, asikumiminie mtu chochote mpaka daktari wa masikio aseme.

BesiYaKati
Nimejaribu cha kidole. Kushoto ukuta unacheza wazi, kulia karibu hausogei! Ndiyo maana kila siku ni la kushoto.

Fundi, na ile ya tatu? Nilidhani ncha laini ndiyo inachukua uzuri wa pande zote mbili.

FundiMaganda
Siku za mwanzo inapendeza kweli. Ncha inalainika kwa joto la mwili na inafuata taya. Tatizo ni mshono, pale laini inapokutana na ngumu. Jasho na nta vinapenya, ncha inageuka njano, inakakamaa, halafu inaanza kuachia. Nimepokea nyingi zikiwa hivyo. Inabadilishika, ila ujue tangu mwanzo kwamba ncha hiyo ina umri mfupi kuliko ganda.

Kwa ulivyojieleza, unapiga chombo na kuitikia, ningekutengenezea akriliki kwa kalibu ya mdomo wazi, na upande wa kushoto ningeuacha umejaa kidogo zaidi ya kulia. Kupunguza nitapunguza mbele yako.

BesiYaKati
Basi nimeamua hivyo. Kesho kutwa naenda kusafishwa masikio, kupimwa ni wiki ijayo.

DramuMkonoKushoto
Vizuri. Kalibu zikitoka sikioni usizipe mgongo, omba uzishike. Angalia kona ya pili inaonekana na kalibu imeendelea mbele yake. Kile kisponji chenye uzi kinachowekwa kulinda ngoma ya sikio kiwe kimekaa mwishoni kabisa, hakijalala upande. Pitisha kidole pembeni: pasiwe na tundu la hewa wala mkunjo, hasa kwenye shingo ya mfereji, maana hapo ndipo panapoziba. Ukiona kasoro upande wa kushoto, mwombe arudie hapo hapo kabla hujainuka kitini.