Naomba ushauri: amri za prosesa zitakazoirahisishia kazi kompaila

Chuma_Kijana: Wakuu, heshima kwenu. Nasanifu prosesa ya biti 32 kwenye bodi ya FPGA (chipu unayoweza kuipanga upya), na kompaila, yaani programu ya kugeuza msimbo kuwa amri za prosesa, ni yangu mwenyewe, ya lugha inayofanana na C. Bado nina nafasi ya amri chache. Nawaza kuweka amri moja ya kusoma kipengele cha safu huku ikikagua mipaka (kwamba namba ya kipengele haitoki nje ya safu), na nyingine ya kuita funksheni inayohifadhi rejista zote (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) kwa mpigo. Si kompaila itapumua?

MzeeRejista: Hapana, mkuu. Kompyuta ya VAX-11/780 ya 1977 ilikuwa na amri ya namna hiyo, INDEX. Mwaka 1980 watafiti wa kompyuta Patterson na Ditzel wakaeleza kwamba amri nyepesi za kulinganisha, kuruka, kujumlisha na kuzidisha zilifanya kazi ileile kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 45, kwenye mashine hiyohiyo.

Bi_Biti: Msimkatishe tamaa kijana. Kompyuta ya Burroughs B5000 ilisanifiwa kwa ajili ya lugha ya ALGOL na ikafanya kazi vizuri.

MzeeRejista: Kweli dada, ila Intel nao walijaribu kuibeba lugha ya Ada kwa prosesa yao ya iAPX 432 mwaka 1981. Ilikuwa nzito mno. Kijana, tazama `a[i] = a[i] + 1` kwa amri za RISC-V (seti huria ya amri za prosesa), a0 ikiwa anwani ya mwanzo wa safu na a1 ikiwa i:

slli t0, a1, 2
add t0, t0, a0
lw t1, 0(t0)
addi t1, t1, 1
sw t1, 0(t0)

Anwani imepigiwa hesabu mara moja, ikakaa t0, ikatumika kusoma na kuandika. Amri yako ingeificha ndani, kwa hiyo wakati wa kuandika unaanza upya.

Bi_Biti: Hapo nimekuelewa. Na kuhifadhi rejista zote ni hasara tupu. Funksheni isiyoita nyingine mara nyingi haihitaji kugusa kumbukumbu. Anwani ya kurudi inabaki kwenye rejista `ra`.

Chuma_Kijana: Sawa, lakini ukaguzi wa mipaka nauhitaji kweli. Lugha yangu inauahidi.

MzeeRejista: Weka amri inayolinganisha na kuruka papo hapo, bila bendera za hali (biti zinazotunza matokeo ya ulinganisho uliotangulia). Bendera zinamsumbua mwandishi wa kompaila: akichomeka amri nyingine katikati, zinaweza kubadilika. Kisha andika `bgeu a1, a2, kosa`, a1 ikiwa faharasa (namba ya kipengele) na a2 urefu wa safu; ikiwa a1 si ndogo kuliko a2, inaruka kwenda `kosa`. Inalinganisha bila kujali alama ya hasi, hivyo faharasa hasi inasomeka kama namba kubwa mno na inanaswa hapohapo. Mipaka yote miwili, ya chini na ya juu, kwa amri moja.

Chuma_Kijana: Duh! Nafuta zile mbili usiku huu.