Siku tisa Guangzhou: jioni mnakula wapi?

Kutoka: Mama Vyombo, Kariakoo

Habari zenu ndugu. Mwezi wa kumi narudi Guangzhou kwa maonesho ya biashara ya Canton, awamu ya pili, ile ya vyombo vya nyumbani. Mchana sina shida nao, miguu inauma lakini kazi inakwenda. Shida ni jioni. Mwaka jana nilikula tambi za kikombe hotelini usiku saba mfululizo, nikitazama televisheni nisiyoielewa. Niliporudi mzee wangu akaniuliza, "Ulikwenda China au ulifungwa?"

Sili nguruwe. Kichina changu ni "nihao" na kikokotoo cha kuonyeshana bei. Halafu bosi wa kiwanda cha masufuria kanialika tena chakula. Mwaka jana nilimkatalia mara mbili. Mlioko huko nisaidieni.

Kutoka: Mpangaji wa Xiaobei

Dada yangu, karibu sana. Nianze na huyo bosi, maana hapo ndipo ulipoteleza. Nenda. Watu wa huku mkataba wanausaini ofisini, ila kukujua wanakujua mezani. Mimi mwenyewe nimewahi kupunguziwa idadi ya chini ya oda baada ya kula samaki wa mvuke na mtu ambaye asubuhi yake alikuwa hataki hata kunisikiliza.

Siku mbili kabla mtumie ujumbe kwamba huli nguruwe wala mafuta yake, simu itatafsiri. Usingoje mkae mezani, maana atakuwa ameshaagiza na utamwaibisha. Mwenyeji ndiye anayechagua chakula na ndiye anayelipa. Kagombee bili mara moja kwa adabu, kisha tulia.

Supu inatangulia, imechemka masaa. Halafu sahani zinawekwa kwenye kioo kinachozunguka katikati ya meza. Sasa sikia: wali unakuja mwishoni, na wakati mwingine hauji mpaka uuombe. Mara yangu ya kwanza nilikaa nikiusubiri wali ndipo nianze mboga, na mboga zikanipita mara tatu kama daladala iliyojaa. Kuku wao mweupe wa kuchemsha ana wekundu kwenye mfupa. Hakukosewa, ndivyo anavyotakiwa. Kama humuwezi mzungushe aende zake. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, hayo ni mambo ya msiba.

Watainua vibilauri vya baijiu, kali kama gongo, na kusema "ganbei". Wewe inua kikombe cha chai. Miaka yote nimefanya hivyo na sijagombana na mtu.

Siku unazokula peke yako tafuta mgahawa ulioandikwa qingzhen, yaani halali, mara nyingi kibao ni cha kijani. Wengi ni watu wa tambi za Lanzhou: kijana anavuta donge la unga mbele yako mpaka linakuwa nyuzi, dakika chache bakuli la ng'ombe liko mezani, na bei haiumi.

Ugali na samaki utavipata huku Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, stesheni ya metro ina jina hilohilo. Lakini usije kila jioni. Utaikuta Kariakoo yote unayoijua, na kila mmoja anataka kujua mzigo wako unatoka kiwanda gani.

Kutoka: Mtu wa Mombasa, Foshan

Dadangu, kakangu hapo juu kasema kweli ila nyama kaipitia mbio. Kumwambia bosi huli nguruwe hakumfanyi kuku wake akawa halali. Mimi nikiwa nje ya qingzhen nasema sili nyama kabisa, naletewa samaki, mayai, tofu na mboga, na sijawahi kuondoka na njaa. Na lile la mafuta lisisitize, neno lake ni "zhuyou", maana hata mboga za majani huweza kukaangiwa humo.

Tena amekuficha jambo kubwa. Omba fanshuye. Ni majani ya viazi vitamu yamekaangwa na kitunguu saumu, yaani yale matembele yenu ya bara! Nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Asubuhi watu wa Guangzhou hunywa chai ya kukaa, na vikapu vidogo vya vitu vya mvuke. Raha yake kubwa, lakini maandazi meupe yenye nyama tamu ndani ni nguruwe, na siu mai, vile vifuko vya unga vyenye nyama, pia. Wenyeji watasuuza vikombe na bakuli kwa chai moto kabla ya kula. Fanya kama wao.

Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, barabara ya Jiefang Kaskazini, penye kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wanalibishania, hiyo kazi yao. Ukishaswali, nje kuna mishkaki ya kondoo.

Jioni za bure shuka mtoni. Boti za watalii huondoka gati la Tianzi, lakini zipo feri za kawaida za abiria, kama kuvuka Likoni, kwa yuani chache, na taa ni zilezile. Mnara wa Canton una mita 600, kuutazama ukiwa chini hulipi. Kisha tafuta uwanja wowote wenye muziki. Kina mama wazima wamejipanga mistari wanacheza, na mgeni akiingia nyuma hakuna anayemfukuza.

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Dar

Nyongeza ya pesa tu. Mama, unganisha Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, na kadi yako ya benki ukiwa bado nyumbani, kwa sababu namba ya kuthibitisha inakuja kwenye laini yako. Malipo yasiyozidi yuani 200 kwa kadi ya nje hayana makato. Yakizidi ni 3%. Bakshishi hawana desturi nayo. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli, lakini laini ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje kwa kawaida inapitisha. Na ukilala kwa ndugu badala ya hoteli, kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 ni juu yako; ukiwa hotelini, wao ndio wanaokuandikisha.

Kutoka: Mama Vyombo, Kariakoo

Nimerudi juzi. Kwa bosi nilikwenda. Yale matembele yaliletwa sahani mbili, nikamaliza moja peke yangu, mkewe akawa ananitazama anacheka. Lugha hatuna, tuliongea kwa simu na mikono. Baada ya chakula akanivuta uwanjani karibu na kwao, tukacheza na wale kina mama mpaka nikavua viatu. Mzee wangu nimemtumia video, hajajibu mpaka leo.

Wali niliuomba. Ulikuja mwisho, mkavu, bila kitu cha kulia.

Xiaobei nilikula ugali mara moja tu. Kaka, ulisema kweli: hata sijanawa mikono, mtu wa meza ya pili akaniuliza, "Masufuria unachukulia kiwanda gani, dada?"