Mastodon, Bluesky au Nostr: upi wa kuaminika kwa mwongoza watalii wa Moshi?

MwanaKibosho

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, naongoza wageni mlimani, zaidi njia ya Machame na Lemosho. Kuna mtu alifungua akaunti kwenye mtandao mmoja mkubwa, akabeba picha zangu zote, hata ile niliyopiga na marehemu baba pale Shira. Akaweka jina langu, akaongeza nukta moja tu mwishoni. Mama mmoja kutoka Ujerumani akamtumia advansi ya dola 600 akijua ni mimi. Akashuka uwanja wa ndege wa KIA usiku, hakuna wa kumpokea.

Niliripoti mara nne, nikajibiwa kwamba akaunti ile haina kosa. Siku ya tano ikafungwa ya kwangu, eti ndiyo ya bandia. Miaka tisa ya kazi imekwenda hivyo, na hakuna mtu wa kumpigia simu.

Sasa nimejaribu mitandao hii mitatu iliyojengwa isiwe chini ya mmiliki mmoja, wiki tatu mfululizo. Ninachotaka ni viwili: mgeni akiona jina ajue ni mimi, na nikifukuzwa mahali niondoke na watu wangu.

Mastodon ipo tangu 2016. Ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, kila moja na mwenyewe, na zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Nimependa kwamba machapisho yanakuja kwa mpangilio wa muda, hakuna mashine inayokuchagulia. Ila kujisajili! Nilimkalisha shangazi yangu, ana duka la vitenge Mbuyuni, nikampa simu ajisajili mwenyewe. Akafika penye kuchagua seva, akanyanyua miwani, akaniuliza: "Hapa ya serikali ni ipi?" Sikuwa na jibu. Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu alikuwa anauliza mambo yakiharibika tumfuate nani.

Bluesky tulimaliza kabla mteja wa pili hajaingia dukani. Barua pepe, nywila, basi. Nostr ikanipa ufunguo wa siri wa herufi 63 na onyo kwamba nikiupoteza hakuna wa kunirudishia. Shangazi akafunga simu.

Naomba michango.

fundi_njiro

Pole sana mkuu. Kwanza nikurekebishe kidogo: siku hizi programu rasmi ya Mastodon inakupendekezea mastodon.social, ukitaka seva nyingine ndiyo unatafuta. Shangazi angeweza kubonyeza na kupita.

Kwa shida yako ya jina, jibu ni kikoa, yaani anwani ya tovuti yako. Una tovuti? Kama una kikoa chako cha .co.tz, Bluesky inakuruhusu kikawa ndiyo jina lako. Unaingia ulikonunulia kikoa, unaongeza mstari mmoja wa maandishi, unaitwa TXT, kwenye mipangilio ya kikoa (DNS), unarudi Bluesky kuthibitisha. Tapeli anaweza kuiba picha zako zote, lakini mstari ule hawezi kuuweka bila kushika kikoa chako. Hapo hauombi alama ya uthibitisho kwa mtu yeyote wala hauinunui.

Mastodon nayo ina njia yake: unaweka kiungo cha tovuti kwenye wasifu, na tovuti inaelekeza kurudi kwenye wasifu wako. Vikikutana, kiungo kinakuwa kijani. Inafanya kazi vizuri, ila mgeni lazima afungue wasifu ndipo aone. Kwenye Bluesky jina linatembea na kila chapisho.

Angalizo: kikoa kikiisha muda, jina linaonekana batili. Akaunti haifi, kwa kuwa chini yake kuna kitambulisho kisichobadilika, lakini mgeni hatajua hilo.

MamaWaSakina

Kaka fundi umesema vizuri, ila mwambie na upande wa pili. Nilikuwa kwenye seva ndogo ya Mastodon, watu wema, mwenye seva alikuwa anajibu ujumbe usiku wa manane. Halafu akachoka. Siku moja haikufunguka tena. Kuhama kwa Mastodon kunabeba wafuasi, machapisho hayahami, na hata hao wafuasi wanahama tu kama seva ya zamani bado iko hewani. Yangu ilikuwa imeshazimwa. Nikaanza na sifuri.

Jingine wanalolipita wengi: ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri. Wenye seva, ya kwako na ya unayemwandikia, wanaweza kuusoma. Namba ya pasipoti ya mgeni usiitume pale kabisa. Bluesky nako usiitume, hali ni hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, bado niko Mastodon. Nilitukanwa vibaya na watu wa seva fulani, mwenye seva yangu mpya akaikatia mawasiliano seva ile nzima siku hiyo hiyo. Mimi naamini mtu ninayemjua kwa jina kuliko kampuni.

Meru_Asubuhi

Mnaikwepa Nostr bure. Mwenye kisa hiki alifutwa na mtu asiyemjua. Kwenye Nostr huyo mtu hayupo. Ujumbe unasainiwa kwa ufunguo wako, unaenda kwenye relei kadhaa, yaani seva za kupokea na kusambaza ujumbe, moja ikikukataa nyingine zinabeba. Na mgeni anaweza kukutumia bakshishi ya bitkoini, ile sarafu ya kidijitali, papo hapo.

MwanaKibosho

Nakuelewa mkuu, na nimeipenda kwa hilo. Lakini wapagazi wetu wanapoteza simu kila msimu, nyingine stendi, nyingine mvuani. Ufunguo ule ukiangukia kwa mwizi, yeye ndiye anakuwa mimi moja kwa moja, na siwezi kuubadilisha nikabaki na akaunti ile ile. Kwa sisi tuliotapeliwa jina, hiyo inatisha kuliko kufutwa.

kahawa_ya_Uru

Wageni wako wako wapi? Ndilo swali.

fundi_njiro

Bluesky ilifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, na Novemba mwaka huo ikavuka watu milioni 20. Mastodon ina Wajerumani wengi, hilo lisidharaulike kwa kazi ya mlima. Ila tusidanganyane: akaunti nyingi za Bluesky bado zinakaa kwenye mashine za kampuni yenyewe. Mlango wa kutoka upo, waliotoka ni wachache. Pakua nakala ya machapisho yako kila mwezi.

MwanaKibosho

Asanteni sana. Nimefanya hivi: Bluesky kwa jina la kikoa changu, na Mastodon yenye kiungo cha kijani kwa ajili ya Wajerumani. Mstari wa TXT ulinichukua jioni nzima kwa sababu nilibandika na alama za nukuu zikajirudia.

Nimemtumia kiungo yule mama wa Ujerumani. Amefungua, amelinganisha jina na tovuti, ameandika kwamba mwanawe anataka kupanda Septemba. Kikoa kinaisha Machi. Nimeandika tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani dukani kwa shangazi.